Kasumba na Faraja: Safari ya Sheria ya Dawa Kali hadi Makere

Lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo wenye lugha wenyewe wamekwisha kuzisahau. Mtu wa pwani akitamka neno kasumba, aghalabu hukusudia fikra mbovu zilizopandikizwa kichwani mwa mtu hata akazidhani kuwa ni zake mwenyewe: kasumba ya ukoloni, kasumba ya kudharau cha kwao. Wachache hukumbuka kwamba kasumba, kabla ya kuwa istiari, ilikuwa kitu cha kushikika kwa mkono. Ilikuwa afyuni, utomvu wa tumba la ua ambao hukauka na kuwa gundi ya rangi ya udongo. Jina hilo lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Huko Gujarat kasumbo ni maji ya afyuni ambayo mgeni wa heshima hukirimiwa. Afyuni, jina la pili, lilitujia kwa Waarabu, nao walikuwa wamelipokea kutoka kwa Wayunani.

Majina mawili, basi, na yote mawili yamebaki vinywani yakiwa na harufu ya ulevi. Lakini katika utomvu huo huo ndimo ilimotoka mofini, ambayo Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19, akaipa jina la mungu wa ndoto wa Wayunani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, mofini ilikuwamo, na haijatoka humo. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye mifupa yake imeingiliwa, au kwa mtoto aliyeungua maji ya moto kifuani, hiyo si anasa. Hata hivyo Kiswahili kilichoupa ulevi wa afyuni majina mawili hakikuipa faraja yake hata moja.

Sheria nayo imefanya vivyo hivyo. Historia ya kanuni zinazotawala dawa kali katika famasi na hospitali zetu ni historia ya ahadi mbili zilizoandikwa katika karatasi moja: ahadi ya kuzuia na ahadi ya kutoa. Ahadi ya kwanza ilisafiri upesi, ikafika kila penye boma na polisi. Ya pili ilichelewa njiani. Anayetaka kuona ilichelewa wapi hana budi kuiacha bandari na kupanda hadi nyanda za juu za Kigoma, hadi Makere.

Makere ni kata ya wilaya ya Kasulu, katika nchi ya Buha, kwenye njia itokayo Kasulu kuelekea Kibondo. Wenyeji wake ni Waha, watu wa maharage, mihogo na migomba, na lugha yao, Kiha, ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Katika lugha hizo dawa huitwa umuti, neno lenye shina moja na mti wetu. Humo dawa humea, huchimbwa, huchemshwa, na mjuzi wake ni mtu anayefahamika kijijini kwa jina na kwa ukoo. Kiswahili kililipokea neno dawa kutoka Kiarabu, na nyuma ya neno hilo likaja sanduku, kisha chupa, cheti na kufuli. Dawa hii ya pili haimei Makere. Lazima isafirishwe, na kila kinachosafirishwa huwa na anayekiruhusu na anayekizuia.

Sanduku lililobaki Unyanyembe

Safari hiyo ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi waliomtoroka David Livingstone waliondoka na sanduku lake la dawa, naye akaandika kwamba alihisi kama aliyehukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi 1869, aliingia Ujiji akiwa mgonjwa hoi, akitumaini kukuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja. Alikuta sehemu kubwa imeporwa, na dawa zimeachwa Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku kumi na tatu nyuma yake. Masanduku ya dawa ya wasafiri wa Kizungu wa zama zile hayakukosa afyuni, ama ya unga ama iliyoyeyushwa katika kileo. Kwa hiyo huenda kufuli ya kwanza kuizuia afyuni isiwafikie wagonjwa wa Kigoma ilikuwa umbali wenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo Uingereza ilikuwa inaanza kuiwekea afyuni mipaka. Hadi hapo mtu aliweza kuinunua dukani pamoja na chumvi na mishumaa. Sheria ya Famasi ya mwaka 1868 iliagiza kwamba sumu zilizotajwa, afyuni ikiwa mojawapo, ziuzwe na wafamasia walioandikishwa tu, na kwamba chombo kibandikwe jina la kilichomo, neno "sumu", na jina na anwani ya muuzaji. Kibandiko kile ndicho mbegu ya yote yaliyofuata. Dola haikusema kwamba afyuni ni haramu. Ilisema kwamba awepo mtu anayejulikana ambaye ataulizwa.

Karne ya 20 ilipoanza jambo likawa la mataifa. Mkutano wa Shanghai wa 1909 ulifuatwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 23 Januari 1912, uliotaka mofini, kokeini na mfano wake zitumike kwa tiba na sayansi peke yake. Vita Kuu vikaukatiza. Vilipokwisha, Mkataba wa Versailles uliwabana waliotia saini wautekeleze huo wa The Hague pia, na Shirikisho la Mataifa likapewa usimamizi wa biashara ya afyuni na dawa nyingine za hatari. Mwaka 1925, mjini Geneva, iliongezwa bangi, na ukawekwa utaratibu wa vibali: shehena haitoki nchi moja mpaka nchi iipokeayo imeandika kwamba inaihitaji.

Buha ilikuwa wapi katika haya? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, yapata kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na mara tu vita vikazuka. Mjerumani aliondolewa mwaka 1916. Mbelgiji akakaa hadi 1921. Kisha akaja Mwingereza, aliyeitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na pamoja naye zikaja sheria zenye sura ya Kiingereza. Katika muda wa miaka mitano mkulima wa Makere aliwaona watawala watatu. Sheria ya afyuni hakuiona, kwa kuwa mofini haikuwahi kumfikia hata akapata cha kukatazwa.

Daftari, wino na funguo

Katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki wauguzi bado huziita dawa hizi "DDA". Ukiwauliza vijana herufi hizo zina maana gani, wengi watakuambia ni dawa za kufungiwa. Asili yake ni herufi za kwanza za jina la Kiingereza la Sheria ya Dawa za Hatari ya Uingereza ya mwaka 1920, ambayo kwao ilikwisha kufutwa zamani. Sheria ilikufa, jina likabaki limebandikwa katika milango ya makabati ya bara na visiwani, kama ilivyobaki kasumba baada ya wanywaji wake kutoweka.

Kanuni zilizozaliwa na sheria ile, na ambazo makoloni yaliziiga, zinastahili kusomwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna falsafa nzima. Dawa hizi ziwekwe katika kabati lenye kufuli, aghalabu kabati ndani ya kabati, na funguo akae nazo mtu mmoja anayejulikana. Zisitolewe ila kwa cheti kilichoandikwa na tabibu mwenye ruhusa, chenye tarehe, sahihi, jina na makazi ya mgonjwa, na kiasi kamili. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe katika daftari maalumu, kwa wino, kwa mfuatano wa tarehe, siku ile ile au ya pili yake. Neno lililokosewa lisifutwe wala lisikwaruzwe. Sahihisho liandikwe pembeni, na tarehe yake. Daftari lihifadhiwe kwa miaka iliyotajwa, na mkaguzi akija, hesabu ya kitabuni na ya kabatini zilingane hadi tone la mwisho. Katika hospitali nyingi imeongezwa desturi ya kurudisha chupa tupu ya sindano kabla ya kupewa nyingine, na ya watu wawili kutia sahihi pale kilichosalia kinapomwagwa.

Asiyeijua kazi hii huweza kuona humo ukaidi wa makarani. Lakini kuna adili ndani yake. Daftari lisilofutwa ni shahidi asiyehongeka. Linamlinda mgonjwa asiibiwe dawa yake ikauzwa uani, na linamlinda muuguzi mwaminifu asisingiziwe wizi alioufanya mwingine. Hatari yake haimo katika yale yanayodai. Imo katika yale yasiyoyaona, na hilo litajitokeza mbele.

Ahadi mbili za mwaka 1961

Tarehe 30 Machi 1961, mjini New York, mikataba iliyotangulia ilikusanywa katika mmoja: Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Disemba ya mwaka huo huo, kwa hiyo taifa na mkataba ni marika. Utangulizi wa mkataba huo una maneno ambayo yamesahauliwa kuliko yote yaliyomo. Kabla ya kutaja ulevi, unakiri kwamba matumizi ya dawa hizi katika tiba hayana badala kwa ajili ya kuondoa maumivu na mateso, na kwamba ni wajibu kuhakikisha zinapatikana kwa kazi hiyo. Onyo la uraibu linafuata baadaye. Mwaka 1971 ulikuja mkataba wa pili, wa dawa zinazogusa akili, na katika jedwali lake la nne ikawekwa fenobabitali.

Dawa hiyo inahitaji maneno mawili. Fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei ndogo zaidi za kifafa, na kwa miongo mingi mgonjwa wa kifafa wa kijijini hakuwa na nyingine. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofungua kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliokuwa wamefichwa nyuma ya nyumba, wengine wakiwa na makovu ya moto walioangukia, walianza kurudi barazani kwa nguvu ya vidonge hivyo. Kwa hiyo udhibiti wa dawa si habari ya mofini na wanaokaribia kufa peke yao. Unamgusa pia mtoto wa shule ambaye kidonge chake kikikosekana kwa wiki moja, anaweza kuanguka mtoni.

Baada ya uhuru sheria za nyumbani zilifuatana. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 iliunda Bodi ya Famasi. Sheria Na. 9 ya 1995 ililenga biashara haramu, na ndipo ikaja Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Sheria Na. 1 ya 2003 ilizaa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo mwaka 2019 iligeuka kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sheria Na. 5 ya 2015 ilileta mamlaka mpya ya kupambana na dawa za kulevya, yenye nguvu ya kukamata. Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano, ilitunga zake, na ilianzisha bodi yake ya chakula na dawa kwa sheria ya mwaka 2006. Msomaji atazame mfuatano huo: taasisi moja hutoa vibali, nyingine hufukuza wahalifu, na jina moja, dawa, limebebeshwa kazi zote mbili. Wapo waliojaribu kuzitenganisha kwa sarufi, wakisema "madawa" kwa zile mbaya na "dawa" kwa zile njema. Ngeli haikutosha. Mofini ya hospitali na heroini ya kichochoroni ni watoto wa ua moja, na sheria iliwaandika katika ukurasa mmoja.

Kuanzia mwaka 1983 serikali, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, iliendesha Mpango wa Dawa Muhimu, uliopeleka kila mwezi masanduku yaliyofungwa hadi zahanati za vijijini. Ulikuwa mpango mwema. Klorokwini, aspirini na penisilini zilifika pasipowahi kufika kitu. Lakini orodha za taifa zimepanga dawa kwa ngazi, na mofini ni dawa ya hospitali. Zahanati si mahali pake. Mgonjwa wa Makere mwenye maumivu makali alipaswa kushuka Kasulu, au kwenda hospitali ya misheni ya Kabanga, na huko dawa iwe imefika kutoka bohari ya kanda. Kwa miaka mingi bohari iliyoihudumia Kigoma ilikuwa Tabora. Ni Unyanyembe ile ile.

Mwaka wa 1996

Kuna miaka ambayo mambo yasiyojuana hukutana. Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliwaka Kivu, na watu wa Fizi na kandokando yake, wengi wao Wabembe, wakavuka Ziwa Tanganyika kwa maboti hadi Kigoma. Mwezi wa Novemba walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, jirani na Makere. Nyanda zile zilikuwa tayari zimekwisha kupokea Warundi waliokimbia baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Kata iliyokuwa na zahanati na mashamba ilijikuta jirani wa mji wa mahema.

Mwaka huo huo wa 1996, mbali na Makere, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo wa namna ya kupeleka dawa zinazodhibitiwa palipo na maafa. Sababu yake ilikuwa aibu. Katika vita na matetemeko ya ardhi ndege za misaada zilikuwa zikitua na blanketi, maji na viuavijasumu, lakini mofini hubaki nyuma, kwa kuwa utaratibu wa vibali wa tangu 1925 ulidai karatasi kutoka kwa ofisi ambayo pengine imekwisha kuungua. Mwongozo ulisema kwamba katika dharura ya namna hiyo mtoaji anayeaminika aweza kupeleka kwa idhini ya nchi anakotoka, na hesabu itolewe baadaye. Na mwaka huo huo, jijini Dar es Salaam, sheria ya Bunge iliifanya hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kuwa taasisi ya saratani. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipotengenezwa mofini ya kunywa kutokana na unga ulioagizwa ng'ambo, na hospitali za mikoani ziliifuata huko.

Kambi na mwongozo vilizaliwa mwaka mmoja, lakini havikufaana kwa muda mrefu. Mwongozo ulikusudiwa siku za mwanzo tu. Tanzania haikuwa nchi iliyoungua. Ilikuwa na ofisi, mihuri na sheria mpya ya 1995. Kwa hiyo dawa ya mkimbizi ilirudi katika njia ya kawaida: makadirio, kibali cha kuingiza, kibali cha kutoa, bandari, ghala, barabara. Hata masanduku ya dharura yaliyopangwa kimataifa, ambayo moja lake huhesabiwa kuwatosha watu 10,000 kwa miezi mitatu, yana ngazi ndani yake. Fungu la msingi halina sindano. Dawa kali zimo katika fungu la madaktari, na baadaye ziliwekwa kando kabisa, kwa sababu ya vibali. Nyarugusu ikakaa mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, wa ishirini. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa. Wakongwe walipatwa na maradhi ya ukongwe, saratani ikiwamo. Katika daftari za dharura siku ya mwanzo ina kila kitu, na mwaka wa ishirini hauna jina.

Kisha dharura ikarudi. Mwaka 2015 Burundi ilichafuka, na mwezi wa Mei watu wakafurika katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa ziwa, ambako meli kongwe ya Liemba iliwachukua hadi Kigoma huku kipindupindu kikiwafuata. Wengi wao walipelekwa Nyarugusu, na katika miezi michache idadi ya watu wa kambi ilizidi mara mbili. Nduta, katika wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba mwaka huo. Uchunguzi uliofanywa katika kambi za wakimbizi za nchi mbalimbali kati ya 2008 na 2011 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wengi mno wa waliokuja kliniki kwa maradhi ya ubongo na neva walikuwa na kifafa. Fenobabitali, dawa ya jedwali la nne, ndiyo waliyoifuata.

Hesabu inayojizunguka

Hapa ndipo panapoonekana kile ambacho daftari haliwezi kukiona. Kila nchi hupeleka kila mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya makadirio ya kiasi itakachohitaji. Mpango huo ulianza kwa mkataba wa 1931, ukaendelezwa na ule wa 1961. Makadirio, aghalabu, hutolewa katika matumizi ya mwaka uliopita, na matumizi hutolewa katika madaftari. Aliyetumia kidogo huandikiwa kidogo. Aliyeandikiwa kidogo hupata kidogo. Aliyepata kidogo atatumia kidogo tena. Mkataba unaruhusu makadirio ya nyongeza mwaka unapobadilika ghafla, kama ulivyobadilika mwaka 2015. Lakini nyongeza huombwa na mwenye kujua kwamba kuna upungufu, na upungufu wa dawa ambayo haijawahi kufika hauonekani kabatini. Kabati tupu lenye hesabu sahihi hulipita kila ukaguzi.

Tume ya jarida la Lancet ilipohesabu mwaka 2017, ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa hupata tani 0.1. Nchi nyingine zilikuwa zikifa kwa wingi wa dawa hizo, huku nyingine zikifa zikizililia. Sheria moja, mikataba ile ile, matokeo mawili yanayopingana.

Wala haiwezi kusemwa kwamba umaskini peke yake ndio kizuizi. Uganda, jirani wa nyanda hizi, ilichukua njia nyingine. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa mjini Kampala, na mofini ya kunywa ikatengenezwa kwa vitu vya kawaida: unga, maji, kihifadhi, na rangi ya kuitofautisha chupa ya nguvu ndogo na ya nguvu kubwa. Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya kisheria. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu wa ngazi ya kati waliopata mafunzo maalumu kuandika cheti cha mofini, jambo ambalo hakuna nchi iliyokuwa imelifanya kabla yake. Kufuli haikuvunjwa, wala daftari halikuchanwa. Kilichobadilika ni idadi ya mikono inayoaminiwa ufunguo. Kwa nchi ambayo daktari wake yuko mjini na mgonjwa wake yuko kilimani, hilo ndilo suala lenyewe.

Unga wa Mji Mkongwe

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza swali la upande wa pili. Tangu miaka ya 1980 heroini imekuwa ikipita na kubaki katika pwani hii. Mji Mkongwe umezika vijana wake, na kila mtaa una mama anayelijua neno unga kwa maana isiyokuwa ya ngano. Je, huyo naye aambiwe kwamba sheria imekaza mno?

Jibu limo katika dirisha la kliniki. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, na mwaka 2015 Zanzibar ilifuata, katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Methadoni nayo ni dawa ya jamii ya afyuni, nayo imo katika jedwali la 1961. Hutolewa kwa kipimo, kila siku, mgonjwa akiinywa mbele ya mtoaji, na jina lake likiandikwa. Yaani masharti yale yale ya kufuli, kipimo na daftari, yaliyoaminiwa kuwa ni ya kuzuia, yamegeuka njia ya kutoa. Waliokuwa wakijidunga vichochoroni walianza kuamka asubuhi na kwenda kazini. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa moto umetiwa katika jiko.

Kwa hiyo mama wa Mji Mkongwe na mgonjwa wa Makere si mahasimu. Wote wawili wanaidai sheria ile ile ahadi zake mbili, na haiwezi kumlipa mmoja kwa kumdhulumu mwingine. Penye hofu tupu, muuguzi huogopa jela kuliko anavyoogopa kilio cha mgonjwa, na kabati hubaki limefungwa hata pale lilipo na kitu. Penye uzembe, dawa ya mgonjwa huishia sokoni. Ustadi wa kazi hii ni kukaa katikati, na kukaa hapo kunataka mafunzo, mishahara, usafiri wa hakika, na wakaguzi wenye maswali mawili. La kwanza ni la zamani: je, kilichotoka kimemfikia nani? La pili ni lile ambalo utangulizi wa 1961 ulilitanguliza na makarani wakalisahau: je, nani alikihitaji asikipate?

Daftari la dawa kali lina safu ya tarehe, safu ya jina, safu ya kiasi kilichotoka, safu ya kilichobaki na safu ya sahihi. Halina safu ya mtu aliyepanda kutoka Makere hadi Kasulu, akaambiwa haipo, akarudi. Makadirio ya mwaka ujao yanamhitaji huyo ahesabiwe, na kazi hiyo haihitaji mkataba mpya. Inahitaji mstari mmoja zaidi katika ukurasa, kwa wino, na asiufute mtu.